Ziara ya Mkunazini na fomu ya nyuso tano

Nilifika katika lililokuwa soko la watumwa la Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, nikiwa na kundi la watu tisa lililoandaliwa na kampuni moja ya utalii. Mahali penyewe napapa sifa tele. Kampuni naipa alama za wastani.

Maonyesho ya historia ya utumwa yamepangwa kwa utulivu, na msomaji makini atahitaji saa nzima, ilhali sisi tulipewa dakika ishirini. Kisha tulishuka katika vyumba vya chini, ambamo inasemekana watumwa walifungiwa kabla ya kuuzwa; humo mtu mzima hulazimika kuinama na mwanga hupenya kwenye matundu membamba tu. Mama mmoja aliunyanyua mnyororo, akaupima uzito kiganjani, akautua taratibu juu ya jiwe na kutoka bila kusema neno. Wapo wanahistoria wanaosema kwamba jengo lenye vyumba hivyo lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa mwaka 1873, na mtembezaji alipaswa kututajia hilo. Hata hivyo, majonzi ya mama yule hayakuwa ya uongo.

Uani ipo sanamu iliyotengenezwa na msanii Clara Sörnäs: watu watano ndani ya shimo, mnyororo shingoni. Vijana wawili waliokuwa wakipigana picha kwa vicheko walipoona zile nyuso kwa karibu walirudisha simu mfukoni.

Jioni kampuni ilitutumia fomu ya maoni yenye nyuso tano, kuanzia iliyonuna hadi inayocheka. Aliyetoka kutazama minyororo achague upi? Akichagua wa kucheka ataonekana hana utu. Akichagua ulionuna, kampuni itadhani gari lilichelewa. Watafiti wa urithi wa kihistoria, akiwemo Laurajane Smith wa Australia, huwauliza wageni maswali ya wazi na kuwaacha waeleze kwa maneno yao jinsi mahali palivyowagusa. Swali la namna hiyo, likiulizwa papo hapo na kwa Kiswahili, lingevuna mengi, kwani mzee mmoja aliniambia garini kwamba alichotoka nacho mle si huzuni bali aibu, kwa kuwa ukoo wao uliwahi kumiliki watumwa, jambo ambalo nyumbani halizungumzwi.

Fomu niliiacha tupu. Atakayekwenda aende asubuhi, kabla makundi makubwa hayajaingia, na akubaliane mapema na mtembezaji kuhusu muda wa maonyesho.