Redio ya sola ya bibi: niliinunua Mtwara mjini, inasoma Biblia Masasi

Hii redio nimeichukua kwa 35,000 pale Mtwara mjini, zile ndogo zenye kipaneli cha sola mgongoni, tochi mbele na tundu la memori kadi, jina la kampuni lipo ila lilianza kufutika hata stendi sijafika. Kadi nikanunua pembeni, afu jamaa wa kibandani akanijazia Biblia ya sauti kwa 3,000.

Ni ya bibi yangu, mama yake mama, yuko kijijini huko Masasi. Macho yamemwisha, mtoto wa jicho, Biblia yake ipo kwenye mfuko wa salfa umekunjwa vizuri ila kuisoma hawezi tena. Nikapanda kosta, Mnazi Mmoja, Ndanda, hao mpaka Masasi. Kiukweli na mimi nilikua nimechoka, mkataba wa kazi uliisha mwezi wa nane na sijapata kitu mpaka leo, ila hilo sikupanga kumwambia.

Sasa redio yenyewe. Sauti safi sana, imejaa nyumba nzima hadi jirani kaja kukaa barazani. Tochi kali. Kile kipaneli cha mgongoni ni pambo tu bana, nimeianika juani toka asubuhi mpaka saa nane ikapiga saa moja na nusu ikazima, kama nyumbani kuna sola ya taa chajia huko kwa waya. Vitufe vyote vinafanana, mtu asiyeona hawezi, mimi nikaweka tone la rangi ya kucha kwenye cha kuwashia, likikauka linakua kinundu anakipapasa mwenyewe. Na ukiiwasha inaongea Kichina kwanza, sijapata pa kuitoa hiyo. Bibi anaitikia "marahaba".

Jamaa wa kadi ndo kaniangusha. Mafaili kayamwaga hovyo, Mwanzo inaisha unakuja Ufunuo, afu katikati ya Waamuzi ikalipuka singeli, jirani kacheka hadi kanga ikamdondoka. Mwambieni aifute kadi kwanza na mafaili ayaanzishe kwa namba, 001, 002, kwa sababu hizi redio zinafuata mpangilio wa kwenye kadi, hazijui kitabu gani kinafuata. Pia ulizia ni tafsiri gani. Bibi ni Mwanglikana wa misheni hasa, wa ile iliyoanzishwa Masasi 1876 Askofu Steere alipokuja na watu waliokombolewa utumwani, na Steere huyohuyo alitafsiri maandiko kwa Kiswahili, kwa hiyo ukimchezea maneno ya Biblia unamchezea ukoo. Yeye anataka Union Version, ile ya 1952. Msomaji akivuta pumzi tu bibi keshamalizia mstari.

Tatizo kubwa ni hili, chaji ikiisha kabisa inasahau ilipofika inarudi Mwanzo sura ya kwanza. Bibi kasikia uumbaji mara nne kwa siku tatu nilizokaa, anasema si vibaya.

Usiku wa pili tumekaa gizani tumeshakula ugali na mbaazi, inasoma Zaburi ya 71, ile ya mzee anayeomba asiachwe nguvu zikipungua, ikakata katikati. Nikainuka kutafuta waya. Bibi kasema, "Mwache apumzike, amesoma toka mchana," akaendelea yeye pale pale ilipokatikia, taratibu, hadi mwisho. Huyu mtu kazika mume na watoto watatu. Akamaliza akaanza sala ya usiku, anataja wajukuu kwa vidole, walio hai na waliotangulia, akifika kwangu akashika kidole muda mrefu, akasema, "na huyu aliyekuja na redio, anacheka lakini chakula hakimshuki." Sikuwa nimemwambia chochote. Nililala vizuri siku hiyo, mara ya kwanza toka mwezi wa nane.

Nyota 3 kati ya 5, moja nimekata ya betri na moja ya kadi ila hiyo ya kadi ni ya jamaa sio ya redio. Kama bibi au babu yako haoni tena, nunua, ila kaa naye siku mbili umfundishe vitufe, usimtumie tu kwa konda.

Asubuhi naondoka bibi kaibonyeza mwenyewe, ikaongea Kichina chake.

"Marahaba," kasema, ikaanza tena Mwanzo.