Kichwa cha Jini Kilichochongwa Mwenge

Kama unatengeneza filamu yenye jini, zimwi au kiumbe chochote kisichoonekana mitaani, na hela mnachanga wenyewe mwisho wa mwezi, nakuomba usome haya kabla hujaagiza sura ya raba kutoka nje. Sisi tuliagiza. Mimi ndiye mshika mavazi na vifaa kwenye filamu yetu ya dakika 40. Tuko watu 9, hatuna mfadhili, na kazi inayonilisha ni cherehani, hapa Sinza, Dar es Salaam. Filamu inahusu jini la baharini linalotoka kwenye mikoko ya Kunduchi kumdai binti mmoja deni la babu yake. Hadithi ilikuwa tayari, kibali cha Bodi ya Filamu tulikuwa nacho, kamera tumeshaweka oda. Jini ndilo lilikuwa halijapata sura.

Ile raba ya maji, unayoipaka usoni tabaka juu ya tabaka, ilitugharimu shilingi 340,000 pamoja na usafiri. Ukifungua kopo inakupiga amonia mpaka machozi. Tuliijaribu mwezi wa pili, na mnaijua Dar ya mwezi wa pili. Saa mbili asubuhi ilikaa vizuri kweli, tukapiga na picha. Saa tano jasho lilikuwa limejaa chini yake, kingo zikaanza kubanduka kwenye taya, na mwigizaji wetu alipovuliwa alikuwa na vipele shingo nzima. Tukajaribu kumchora jini kwa kompyuta. Kijana wetu wa kuhariri alihangaika siku 11 kwa kipande cha sekunde 6, na bado ukitazama miguu ya jini unaona haizami kwenye tope. Nilimwonea huruma, maana alikuwa hapati usingizi.

Ndipo nikaenda Mwenge kwa wachonga vinyago.

Maduka ya mbele ni ya wauzaji. Utaona twiga wa kila kimo, bakuli, vijiko vya saladi, na ukiulizia kazi ya kuagiza utaambiwa "inawezekana" na mtu ambaye mwenyewe hatashika patasi. Pita. Nenda nyuma, fuata mlio wa tezo mpaka uanze kukanyaga vibanzi. Fundi wetu simtaji jina kwa sababu amenikataza, anasema akitajwa ataletewa wateja wa haraka. Ni Mmakonde wa Newala, mtu mzima, na ana vijana wawili anaowafundisha. Utamjua kwa swali lake la kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Cha kuweka au cha kuvaa?"

Nilikuwa nimeshapita kwa mafundi wanne na hakuna aliyeniuliza hivyo. Nilipomjibu ni cha kuvaa, mchoro wangu aliuweka pembeni bila kuutazama, akauliza nani anavaa. Nikamsogeza mwigizaji wetu, ambaye mchana ni dereva wa bodaboda Tegeta. Mzee alimshika shingo kwa mikono miwili, akamgeuza kulia, kushoto, akambonyeza mabega, halafu akasema shingo imezoea helmeti, itatosha. Akapima kichwa kwa uzi, akaufunga fundo, akautia mfukoni. Baada ya hapo ndipo akaomba mchoro.

Mimi nilitaka mpingo. Nilikuwa nimeuona kichwani mwangu tangu zamani, ule weusi unaong'aa kwenye mwanga wa mwezi. Mzee hakubishana. Alichukua kipande cha mpingo kisichozidi kiganja, akakitupa kwenye ndoo ya maji. Kilizama kama jiwe. "Haya mvishe huyu kichwa kizima," akasema, akaendelea na kazi yake. Tukakubaliana msufi, ambao ni mwepesi na unachongeka haraka, ila unataka uangalizi kwa sababu wadudu na ukungu wanaupenda.

Kuna jambo nililikosea, na nalisema ili mwingine asilirudie. Kwenye simu nilikuwa na picha ya lipiko, kile kichwa cha mti wanachovaa Wamakonde kwenye ngoma ya mapiko, ngoma inayokwenda na jando na unyago. Nikamwonyesha, nikasema nataka hivi hivi, ila kiwe na meno. Aliirudisha simu taratibu. "Hilo lina wenyewe, mwanangu. Sura nitakutungia nyingine. Uvaaji nitakupa ule ule." Hakukasirika, ila niliona nimegusa kitu cha watu. Mkienda, msiende kuomba kunakiliwa lipiko. Nendeni kuomba ujuzi.

Na ujuzi wenyewe ndio huu. Kwenye michoro yetu yote tulikuwa tumetoboa matundu machoni, kama kila mtu anavyofanya, kisha tunasumbuka kwa nini jini linaonekana ni kijana aliyejificha ndani ya ubao. Mzee akaeleza kwamba kwenye mapiko mvaaji haoni kupitia macho ya kinyago, anaona kupitia mdomo. Kichwa cha mti kinakaa juu, kimeinama kidogo kwa nyuma, na uso wa mtu unabaki nyuma ya kinywa kilichoachama. Macho ya kinyago yanaachwa kuwa mti mtupu. Hayapepesi wala hayamtafuti mtu, na hakuna mboni ya binadamu inayochungulia humo. Kwa mpango huo jini letu likaongezeka urefu shubiri nzima bila viatu vya kisigino. Mwongozaji wetu aliposikia alikaa chini pale pale kwenye gogo akachora upya picha za siku tatu.

Kazi niliiangalia kwa macho yangu, nilikuwa naenda kila Jumamosi nikifunga cherehani. Alianza na gogo, akaweka alama kwa mkaa, akalizungusha akilichonga nje kwa tezo mpaka likapata umbo la yai lenye taya. Kulikomba ndani ndiko kulikochukua muda. Alitumia patasi iliyopinda, na kila baada ya dakika chache anasimama, anagonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Penye unene sauti ni nzito, imekufa. Penye wembamba inalia. Alinipa nigonge na mimi, na baada ya wiki mbili nikaanza kusikia tofauti kati ya shavu la kulia na la kushoto. Kilipokombwa mara ya kwanza tulikipeleka kwa muuza mchele aliye jirani, mzani ukasoma kilo 3.4. Mzee akasema bado. Mwisho kilisoma kilo 1.8. Ndani hakuweka sponji. Alinituma khanga kuukuu, akaisokota kata, kata ile ile ya kubebea ndoo ya maji, akaipachika utosini ili uzito ukae juu ya fuvu na paji la uso lipate hewa. Kinywani tukaweka kipande cha chandarua nilichokipaka rangi nyeusi. Ndevu ni kamba ya katani iliyochambuliwa, na mistari ya kuzunguka mdomo ameibandika kwa nta ya nyuki.

Tuligombana kitu kimoja tu. Nilitaka mashavu yapigwe msasa yawe laini. Alikataa, akayaacha na alama za tezo, vijibonde vidogo vidogo vinavyofuatana. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikijua nimelipia kazi ambayo haijaisha.

Usiku wa kurekodi ulikuwa wa bamvua, mwezi mpevu, saa nne maji yamekupwa mbali kabisa na mikoko imebaki imesimama kwenye mizizi yake. Tulikuwa na taa moja tu, imefunikwa shuka, tumeishusha chini upande wa kushoto. Jini likatoka katikati ya mikoko limevaa kaniki niliyoishona mimi. Mwanga ulipopita kwenye lile shavu, kila alama ya tezo ilipata kivuli chake, na shavu lote likawa magamba. Magamba ya samaki mkubwa, mzee. Kamera ilisogea karibu, na pale kinywani chandarua kikawa kinavutwa ndani na kusukumwa nje, taratibu, kwa pumzi za mwigizaji. Jini lilikuwa linapumua. Hakuna aliyelipanga hilo. Binti anayeigiza mdaiwa alisahau neno lake, na kule kusahau tumekuacha kwenye filamu kwa sababu uso wake unasema kila kitu.

Sasa kasoro, maana zipo na ziligharimu.

Muda. Aliahidi wiki 2, akamaliza wiki ya 5. Kwa filamu yetu hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu tope lile linaonekana lote siku za bamvua tu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Ukikosa bamvua moja unasubiri kama wiki mbili. Tulikosa moja, na kianzio cha kamera, shilingi 150,000, hakikurudi. Mzee hakuwa mvivu, tulimkuta kazini kila siku, ila hawezi kusema "sitaweza" mteja anapomtajia tarehe. Mtajie tarehe ya mwezi mmoja kabla ya ile unayoihitaji.

Ya pili ni rangi ya viatu. Siku ya kuchukua kazi mzee hakuwepo, na mmoja wa vijana wake akaona aking'arishe kichwa kwa rangi nyeusi ya viatu, kama wanavyofanya kwa vinyago vya mti mweupe ili vifanane na mpingo. Kilipendeza sana kwenye mfuko. Kwenye joto rangi ikayeyuka, ikamchafua mwigizaji shingo na masikio, na mkono wake ukaacha alama tano za vidole kwenye gauni jeupe la binti. Gauni lile niliwahi kulishona mara moja, nikalishona tena usiku kucha. Nilipomweleza mzee aliona aibu mbele ya vijana wake. Alikifuta chote kwa mafuta ya taa na kitambaa, akarudia kwa masizi yaliyochanganywa na gundi ya mbao, na haijatoka tena. Mwambieni mapema, kwa maneno haya haya: hakuna rangi ya viatu.

Ya tatu ni ufa. Wiki ya pili ya kurekodi ulitokea nyuma ya sikio, urefu wa kidole. Sehemu ya lawama ni yetu. Tulikiacha ndani ya gari lililoegeshwa juani, kitu alichotukataza kwa sababu ya nta, na kweli mistari miwili ya nta ililegea ikateremka kidevuni. Lakini mti nao haukuwa umekauka sawasawa, alikiri mwenyewe. Akaujaza ufa kwa gundi na unga wa mbao wa msufi ule ule, akausugua, na kwenye picha huuoni hata ukiambiwa ulipo. Hakuchukua hata mia kwa matengenezo.

Bei ya yote ni shilingi 220,000, nusu mbele. Nendeni na mvaaji mwenyewe, si vipimo kwenye karatasi. Nendeni na mchoro wa mbele na wa ubavuni. Sauti ya mwigizaji ndani ya kichwa haisikiki vizuri, kwa hiyo maneno ya jini tuliyarekodi baadaye chumbani kwangu, magodoro yamesimamishwa kuta zote nne. Na kama mvaaji atakimbia, mseme tangu mwanzo, kamba za kufungia chini ya kidevu hukaa tofauti.

Kitu ambacho hakikuwa kwenye bei ni mwendo. Siku tuliyokwenda kujaribisha, bodaboda wetu alivaa akaanza kutembea kama mtu, mabega yanacheza. Mzee akaacha kazi. Akamwambia kichwa cha namna hii hakibebwi kwa shingo, kinabebwa kwa kiuno, na mguu ugonge chini kabla uso haujageuka. Akasimama mwenyewe, bila kinyago, na patasi mkononi, akapita mbele yetu hatua kama sita kwenye vile vibanzi. Vijana wake wakaacha kugonga. Mwongozaji alikuwa na kamera begani na hakuiwasha, aliniambia baadaye ilimwia vigumu. Tulirudia zile hatua sita na bodaboda mpaka magharibi.

Nilimpelekea kipande cha usiku wa bamvua kwenye simu. Alikitazama mara tatu, akisogeza simu mbali na macho. Shavu hakulisema, na mimi nikamwomba radhi ya msasa bila yeye kuniuliza. Alichosema ni kwamba mguu wa kushoto unachelewa.

Tumeagiza kingine, cha mama yake jini. Gogo tayari liko kivulini nyuma ya banda lake, ncha zote mbili amezipaka nta lisikauke kwa pupa likapasuka, na juu yake ameandika tarehe kwa chaki. Amesema nisimuulize habari zake mpaka masika yaishe.