Raba za mtumba na wiki tatu za mwisho kabla ya kilomita 42: uzoefu wangu

Mwanzoni mwa Januari nilinunua raba za mtumba za kukimbilia eneo la Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwa shilingi 35,000, baada ya kuvutana na muuzaji aliyeanzia 50,000. Nilizinunua kwa kazi moja tu, nayo ni kunifikisha mwisho wa Kilimanjaro Marathon, mbio zinazofanyika mjini Moshi kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Mimi si mwanariadha. Ni mtu wa ofisini ninayekimbia alfajiri kabla ya kwenda kazini, na hizo zilikuwa mbio zangu za kwanza za kilomita 42 na mita 195. Jina la kampuni iliyotengeneza raba hizo silitaji, kwa sababu kiatu ambacho kimekwisha kuvaliwa na mtu mwingine, kikakaa stoo nisiyoijua na kusafirishwa kikiwa kimebanwa ndani ya belo, si haki kukihukumu kama kilivyotoka kiwandani. Ninachokipima hapa ni mtumba wenyewe.

Katika kununua nilifanya mambo kadhaa sawasawa. Nilikwenda jioni, wakati miguu imekwisha kuvimba kidogo kwa kutwa nzima, nikiwa nimevaa soksi zilezile ninazokimbilia, na ingawa kwa kawaida navaa 42 nilichukua 43 ili mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ya upana wa kidole. Nilivigeuza viatu nikaona meno ya soli bado yapo na visigino havijalika upande mmoja. Muuzaji alinisifia akisema, "Kaka, wewe unajua kuchagua," nami nikaamini. Jambo moja sikulifanya: sikuinua ulimi wa kiatu kusoma lebo ndogo iliyoshonwa kwa ndani, ambako kampuni nyingi huandika saizi za nchi mbalimbali na, mara nyingi, tarehe ya kutengenezwa.

Wiki tano za kwanza sina malalamiko. Nilikuwa nakimbia kilomita 50 hadi 60 kwa wiki, mara nyingi kutoka mtaa wa Soweto hapa Mbeya kwenda Uyole na kurudi, na raba zilikuwa nyepesi, zilishika kisigino vizuri na hazikunitoa lengelenge hata moja. Tatizo lilikuwa mvua. Miezi hiyo Mbeya hunyesha karibu kila siku, na jiji likiwa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, baridi yake haikaushi kitu. Raba zilizoloa leo asubuhi, kesho asubuhi bado ni mbichi. Nilizijaza magazeti, ambayo kwa kweli hufyonza maji vizuri ukiyabadilisha mara mbili, lakini usiku mmoja nilichoka kusubiri nikaziegemeza karibu na jiko la mkaa. Asubuhi zilikuwa kavu kabisa, nami nikajipongeza.

Jumamosi ya wiki tatu kabla ya mbio ndiyo siku ambayo mkimbiaji wa kawaida humaliza mazoezi yake marefu kuliko yote, kisha huanza kupunguza kilomita ili mwili upumzike. Nilipanga kilomita 32 kwenye barabara kuu, kwa upande wa Mbalizi na kurudi, nikiwapisha malori ya Tunduma. Mvua ya manyunyu ilikuwa inanyesha. Kwenye kilomita ya 23, nilipokaribia stesheni ya TAZARA, nikaanza kusikia sauti nyuma yangu, pa, pa, pa, kama mtu anayenifuata kwa kandambili. Niligeuka, hakuna mtu. Soli ya mguu wa kulia ilikuwa imeachia kuanzia ncha hadi katikati, na kila nikinyanyua mguu ilikuwa inafungua mdomo na kuchota maji. Dereva wa bodaboda aliyekuwa amejikinga mvua kibandani alicheka kwanza, kisha akanikatia kipande cha mpira wa tyubu anachofungia mizigo, nikauzungusha kwenye kiatu mara tatu. Nilijikokota kilomita mbili zaidi, nikapanda bajaji. Kati ya zile 32 nilikuwa nimepata 25.

Usiku huo ndipo nilipoinua ulimi na kusoma lebo. Raba zangu "mpya" zilikuwa na umri wa miaka saba.

Hesabu haikuwa rahisi. Duka moja la vifaa vya michezo lilinitajia bei inayozidi mara nne ile niliyolipa Mwanjelwa, na hata kama ningekuwa nayo, siku 21 ni chache kwa mguu kuzoea umbo jipya la kiatu, hasa katika kipindi ambacho unakimbia kidogo kuliko kawaida. Nikaamua kwenda kwa fundi viatu, mzee anayekaa chini ya mwavuli si mbali na ninapoishi. Baada ya shikamoo na marahaba alikishika kile kiatu, akakinusa, akabonyeza ukingo wa soli kwa kucha, kisha akaniuliza kwa upole, "Kijana, hiki kiatu umekipika?" Ikabidi niungame habari za jiko. Alinieleza kuwa gundi ya zamani ikipata joto hulainika, ikipoa huwa kavu kama ganda, na maji yakiingia hapo huondoka nayo.

Kazi yake ndiyo sehemu ninayoisifu bila kubakiza. Aliibandua soli yote badala ya kupaka gundi kwenye mwanya tu kama wengi wafanyavyo, akakwangua gundi ya zamani kwa kisu, akapiga msasa pande zote mbili mpaka zikawa na ukungu wa vumbi, akapaka gundi mara mbili na kila mara akasubiri mpaka isishike kidole. Kisha akagandamiza na kufunga kiatu kizima kwa mpira wa tyubu, akanikataza kukifungua kabla ya kesho yake. Nilipomwomba ashone pembeni kwa usalama zaidi, alikataa. Alisema uzi ukipita kwenye sponji, lile tabaka laini lililo juu ya soli, baada ya saa mbili nitausikia kwenye wayo kama waya. Kiatu cha kushoto, ambacho mimi nilikiona kizima, alisema kinafuata, akakifanya vilevile. Kwa vyote viwili alichukua shilingi 4,000.

Katika wiki za kupunguza mazoezi nilizijaribu kwanza kwa kilomita 8, kisha 12, kisha 19, mara mbili kwenye mvua. Gundi haikuachia. Hata hivyo fundi hawezi kurudisha ulaini wa sponji iliyozeeka. Baada ya kilomita 15 hivi nilianza kuhisi kila kokoto, na mfupa wa mbele wa mguu uliuma jioni. Nilinunua soli za ndani za shilingi 3,000, zikainua kisigino hadi kikaanza kusuguliwa, nikazitoa baada ya mazoezi mawili. Hiyo ni pesa niliyoitupa, na lengelenge juu yake.

Safarini kwenda Moshi begi niliruhusu liwekwe kwenye buti la basi, lakini raba nilizipakata. Moshi iko chini ya mita 1,000 na joto lake kwa mtu aliyetoka Mbeya ni adhabu. Miguu ilivimba mapema, na ile nafasi ya kidole niliyoiacha wakati wa kununua ndiyo iliyoniokoa. Kwenye mlima wa kuelekea Mweka nilitembea sehemu kubwa, kwenye mteremko nilihisi lami moja kwa moja, na nilimaliza kwa saa 4 na dakika 51 nikiwa na ukucha mmoja mweusi na soli mbili zilizokaa mahali pake.

Kwa anayefikiria kununua: kwa mazoezi ya kilomita 5 hadi 15 mtumba unafaa, mradi usome lebo na usichukue kiatu kilichozidi miaka mitatu au minne, na ubonyeze sponji ya pembeni kwa kidole gumba, isipobonyea, au ikiwa imejaa mikunjo midogomidogo, rudisha. Kwa mazoezi marefu na siku ya mbio yenyewe nisingerudia. Gharama yangu yote, pamoja na fundi na zile soli za ndani, ilikuwa shilingi 42,000 kwa takriban kilomita 420. Ni shilingi 100 kwa kilomita, na kwa bei hiyo hakuna bajaji Mbeya itakayokubeba, hata kwa mteremko.