Anayetunza tovuti ya gesti yetu Bagamoyo, kazi yake naikubali
Wenye gesti na boti za wageni hapa Bagamoyo, huyu kijana namsifia bila kupepesa macho. Wengi wakishakutengenezea tovuti wanachukua hela wanapotea, mwaka ukiisha domeini ya .co.tz, yaani anwani ya tovuti, haijalipiwa, tovuti inazima na mgeni anajua umefunga biashara. Huyu anakukumbusha mapema, anaapdeti WordPress (programu inayoendesha tovuti) na plagini zake, yaani vijiprogramu vya nyongeza, anachukua bakapu, yaani nakala ya akiba, na cheti cha SSL kinacholinda mawasiliano ya tovuti hakiachi kiishe muda, maana kikiisha tu brauza inamwambia mteja hapa si salama na ndo ushamkosa.

Kilichonikosha zaidi ni ukurasa wa bei. Alikuta mapicha makubwa ya magofu ya Kaole na ya ufukweni yanafunguka taratibu mpaka mtu anaghairi, akayapunguza uzito, akaweka kitufe cha WhatsApp juu kabisa, na kila mwezi tunakaa naye tunaangalia kwenye Google Search Console watu wametafuta nini, kumbe wengi wanauliza usafiri wa kutoka Dar! Tukauandikia usafiri huo ukurasa wake na sasa wanaoulizia hilo wanatupigia kweli. Wikendi kumpata ni shida, hilo arekebishe. Bei mnaelewana, mi naona ni ya haki.