Oili ya kuongezea kwenye gari: ipi ununue, ipi uikimbie

Wakuu, kama unaendesha Toyota IST, Raum au Probox ya cc 1500, nyingi zina injini ya 1NZ-FE na hiyo inabeba kama lita 3.7 tu za oili ukibadilisha pamoja na filta. Ikipungua lita moja ushapoteza zaidi ya robo, na usisubiri taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi ikwambie, sababu ile haipimi wingi wa oili, inawaka presha ikishashuka na hapo unaweza ukawa ushaanza kuua injini. Chomoa stiki mwenyewe kila wiki.

Kupima ni hivi, gari iwe tambarare, zima injini usubiri dakika tano hadi kumi oili ishuke, chomoa stiki, futa, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena ndo usome. Weusi usikutishe, oili inayofanya kazi lazima ibebe uchafu. Ila ukikuta imekuwa kama chai ya maziwa usiongeze chochote, hapo maji yameingia kwenye oili, gari isiwashwe tena mpaka fundi aione.

Sasa ya kununua. Namba moja kwangu ni kopo la lita moja la oili ileile iliyomo, kampuni ileile na namba ileile ya uzito (mfano 5W-30). Siku ya kumwaga oili nunua na hilo moja uliweke kwenye buti, maana usiku barabarani huchagui, unachukua kilichopo sheli.

Namba mbili, kama hujui iliyomo, sintetiki (oili iliyoundwa kiwandani) ya 5W-30 yenye alama ya ubora ya API SN au SP kwenye lebo (SP ni mpya kuliko SN, ilianza 2020). Wengi wanaogopa kuchanganya sintetiki na oili ya kawaida, usiogope, zinachanganyika bila kuganda wala kuharibu kitu, utakachopoteza ni ubora kidogo tu.

Namba tatu ni 10W-30 au 10W-40 nusu sintetiki. Bei nafuu, joto la Dar inalimudu vizuri, na kwa gari yenye kilomita nyingi inayokula oili kidogo mi sina tatizo nayo.

Namba nne 20W-50, na hapa ndo ugomvi wangu na mafundi wengi. Utaambiwa gari imechoka weka nzito itaacha kula. Hizi injini za VVT-i (mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa vali kufunguka) zinatumia presha ya oili hiyohiyo kusogeza kemshafti, ile shafti inayofungua vali, kupitia vinjia vyembamba na kale ka-filta kadogo, na kwenye nyuzi 40 hiyo 20W-50 ni nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30, so asubuhi ukiwasha inachelewa kufika juu. Ringi za pistoni zilizokwisha hazirudi kwa oili nzito, moshi unapungua kwa muda tu huku ugonjwa unaendelea. Injini za zamani zilizoandikiwa 20W-50 kwenye kitabu chake, sawa, hizo ziwekeeni. Na kama unaongeza zaidi ya lita moja kila kilomita 1,000, hapo tafuta inapovujia au ringi zikaguliwe, Harrier na RAV4 za 2.4 zenye 2AZ-FE hasa zinajulikana kwa hilo.

Ya mwisho kabisa, usinunue hata kwa bei ya kutupa, ni oili ya kupimiwa kutoka kwenye dumu lisilo na lebo. Hujui ni nzito kiasi gani, hujui kama ni oili chafu iliyochujwa. Kwenye makopo nako angalia ule mduara wa mfuniko uwe haujakatika, karatasi ya ndani iwe imeshika vizuri, na namba ya toleo isiwe imefutwafutwa.

Ukishapata, mimina nusu lita kwanza, subiri dakika chache, pima tena. Kwenye gari nyingi ndogo toka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita moja tu, ukipitiliza kranki (shafti kubwa inayozunguka chini ya injini) inaipiga oili inakuwa povu, na povu halilainishi. Ukimaliza kopo litoboe kwa msumari ndo ulitupe, maana kuna watu wananunua makopo matupu na mifuniko yake ili wajazie feki.