Mombasa: kuishi Nyali au Mji wa Kale?
Nyali ilipimwa viwanja kwanza, watu wakaja baadaye. Palikuwa shamba la mkonge. Daraja la kuelea la 1931 likapaunganisha na kisiwa cha Mombasa, na la sasa likafuata 1980. Ulinzi na taka mara nyingi hupitia chama cha wakazi, kwa ada.

Mji wa Kale haukuchorwa na mtu mmoja. Nyumba zilizunguka misikiti na vichochoro, na leo ni eneo la hifadhi, kwa hiyo ukarabati unahitaji kibali. Huko jambo huanzia barazani baada ya alasiri, kwa kahawa chungu na kashata, na asiye na pesa husikilizwa vilevile.

Nyali ina nafasi, sikatai. Lakini kuta zile ndefu! Mimi nachagua Mji wa Kale: mtoto akipotea, mtaa mzima unajua ni wa nani.