Loctite 243 kwenye injini ya gari: bolti zipi zinaitaka, zipi zinaikataa

Kwa fundi wa Unguja au Pemba anayefungua injini ya Noah, Probox au kirikuu, ikiwa ni lazima achague gundi moja tu ya nati, yaani dawa inayopakwa kwenye uzi ili bolti isilegee, sisi tunamwambia achukue Loctite 243. Si kali kuliko zote. Zipo zilizo kali zaidi, na ukali huo ndio unaowatia watu hasara. Tunaipendea 243 kwa kuwa inakamata vya kutosha, inafunguka kwa spana ya kawaida, na inavumilia mafuta kidogo yaliyobakia kwenye uzi, jambo ambalo gereji ya chini ya mwembe haiwezi kulikwepa moja kwa moja.

Dawa hii haikauki kama rangi. Inaganda pale inapokosa hewa na huku inagusa chuma, yaani ndani ya uzi baada ya bolti kukazwa. Iliyomwagikia nje inabaki majimaji. Ndiyo maana chupa huuzwa haijajaa. Mteja anayeitikisa dukani akaona amepunjwa hajapunjwa kitu: hewa iliyoachwa mle ndani ndiyo inayoizuia isigande. Mkemia Vernon Krieble, profesa wa Trinity College kule Hartford, Marekani, ndiye aliyeanza nayo mwaka 1953, na leo jina la Loctite linamilikiwa na Henkel ya Ujerumani.

Usichague kwa rangi ya chupa. Chupa nyingi za Loctite ni nyekundu hata kama dawa iliyomo ni ya buluu, na kuna mafundi wanaoagiza "ile nyekundu" kwa sababu hiyo tu. Soma nambari. 222 ni laini, ya skrubu ndogo za M6 (unene wa milimita 6) kushuka chini. 242 na 243 ni za wastani; 243 ndiyo inayovumilia mafuta na ndiyo inayohimili joto la hadi nyuzi 180, wakati 242 inaishia 150. 271 ni ya kudumu: kuifungua kunataka uichome bolti mpaka kiasi cha nyuzi 250 na uizungushe ingali moto. Fikiria moto huo ukiwa karibu na oili sili, au kwenye bloku ya aluminiamu. Kwa injini za kawaida zinazotembea hapa, hatuoni sababu ya 271 kuingia gereji.

Kinachoiangusha dawa hii mara nyingi ni uoshaji. Vitu vikishatolewa huoshwa kwa dizeli au mafuta ya taa, vikafutwa kwa kitambaa, kisha gundi ikapakwa juu yake. Dizeli inaacha utando. 243 inavumilia utando mwembamba, haivumilii bolti inayong'aa kwa mafuta. Osha kwa dizeli ukipenda, lakini malizia kwa breki klina au asetoni, bolti na tundu lake pia, halafu pulizia upepo mpaka kukauke. Gundi ya zamani iliyokuwa kama unga mweupe iondoshe kwa brashi ya waya, na kwenye tundu pitisha tapu (chombo cha kukatia uzi) ya saizi ile ile taratibu. Unga huo ukiachwa, bolti itakuwa nzito kuzunguka na toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, itakudanganya: italia kabla bolti haijavuta.

Bolti za flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya krenki, ndiyo kazi yake khasa. Vitabu vya Toyota hutaja gundi nambari 08833-00070, yaani Three Bond 1324 au inayolingana nayo, na huelekeza ipakwe kwenye nyuzi mbili tatu za ncha ya bolti. Nyuzi mbili tatu, si bolti nzima. Kwa bolti ya M10 hayo ni matone mawili. Zungusha bolti vidoleni ili dawa ijae kwenye mabonde ya uzi, iingize kwa mkono, kisha kaza kwa mtindo wa msalaba. Kwenye 1NZ-FE, injini ya Probox, ya gia za mkono, hatua ya kwanza ni toki ya Nm 49, kisha unaweka alama ya rangi kwenye kichwa cha bolti na kuizungusha robo mzunguko (digrii 90) zaidi. Kazi yote imalizike bila ya kusita, kwa sababu dawa inaanza kushika ndani ya dakika chache, na joto letu linaiharakisha. Bolti ikishashika usiiguse tena "kuhakikisha". Ukiisogeza hata kidogo umeshaivunja gundi, na hakuna njia nyengine ila kuitoa, kuisafisha na kupaka upya.

Na hapa gundi ina kazi ya pili ambayo wengi hawaihesabu. Kwenye injini nyingi matundu ya bolti za flaiwili yanatokea ndani kwenye krenki, na mafuta yanapanda kupitia uzi. Bila ya gundi yanatokeza kwenye kichwa cha bolti, yanarushwa na flaiwili, yanalowesha sahani ya klachi. Gari inaanza kuteleza kilimani, fundi anabadilisha oili sili ya nyuma, na tatizo linabakia pale pale. Ukikuta sili mpya na klachi imelowa, kabla hujalaumu sili, tazama vichwa vya bolti.

Bolti za strena, chujio la kufyonzea oili ndani ya sampu, nazo ziwekewe, tone moja kila moja. Zikilegea, pampu inavuta hewa, presha ya oili inashuka, na beringi zinasagika hali sampu imejaa oili. Skrubu za kifuniko cha oili pampu vile vile, ila hapo tunashauri 222. Bolti za mikono ya altaneta na za maunti za injini, ambazo kwenye daladala za Bububu hutikisika kutwa, zinafaidika pia. Kwenye tundu lisilotokea upande wa pili, dondoshea dawa theluthi ya chini ya uzi wa tundu lenyewe. Ukiipaka kwenye bolti peke yake, hewa iliyonaswa itaisukuma nje yote. Lakini usijaze: majimaji hayabanyiki, na tundu lililojaa likikazwa linaweza kupasua bloku.

Kwa sisi wa kisiwani kuna faida ya ziada. Bolti ya chuma ndani ya aluminiamu, ikipata unyevu wa chumvi, inashikana mpaka hukatika kichwa. Gundi iliyojaza uzi haiachi nafasi ya maji ya chumvi kuingia, na miaka mitano baadaye bolti inatoka na uzi wake.

Sasa pale isipotakiwa. Bolti za konrodi, za meni beringi na za silinda hedi hazitaki gundi ya nati kabisa, labda kitabu cha injini hiyo kiseme vyengine. Bolti hizo zinashikilia kwa kuvutika kidogo kama springi, na kipimo chake kimehesabiwa zikiwa na oili safi kwenye uzi na chini ya kichwa. Ukibadilisha kilichomo kwenye uzi umebadilisha msuguano, na ukibadilisha msuguano, toki ile ile haitoi mvuto ule ule. Isitoshe, hedi hukazwa kwa awamu, na gundi haingoji. Kuna hatari nyengine pale chini: tone likidondokea kwenye jonali la krenki, pale inapozungukia kwenye beringi, litakuwa kati ya chuma na chuma bila hewa, ndiyo mazingira yake hasa ya kuganda. Futa kila kilichozidi kabla ya kufunga.

Bolti inayotokea kwenye njia ya maji inataka dawa ya kuziba uzi, si hii. Stadi za ekzosi zina joto linaloishinda. Plagi, sensa za ekzosi na plagi ya kumwagia oili usiziguse nayo. Na iweke mbali na plastiki: tone kwenye kofia ya distribyuta au soketi ya waya linaweza kuifanya ipasuke.

Injini ikishafungwa, iachie saa 24 kabla ya kuwasha. Bolti za dukani zenye mng'ao wa zinki huchelewa kushika kuliko chuma cheusi, na mteja anayesubiri nje ya gereji si sababu ya kuikatia muda.

Tunaipunguzia nyota moja, nne kwa tano, kwa jambo lililo nje ya chupa: za bandia ni nyingi, na hata ya kweli huharibika kwa kuanikwa juani kwenye kioo cha duka. Tazama tarehe ya mwisho iliyopigwa chapa. Kisha ijaribu: tone moja kwenye bolti na nati safi za M10, kaza kwa mkono, rudi baada ya saa moja. Ikiwa nati inazunguka kwa vidole, dawa hiyo irudishe dukani. Kwa injini moja unatumia kama mililita moja na nusu, kwa hivyo chupa ya mililita 10 inatosha injini sita, na ya 50 itakupitwa na wakati kabla hujaimaliza, isipokuwa gereji yako ina kazi kila siku. Iweke kabatini pa baridi, isimame wima, na ncha yake isiguse bolti, maana vumbi la chuma likiingia mdomoni dawa huanza kuganda humo humo.